Somo: vigae vya ndege vya Kashan, ile "dhahabu" inatoka wapi?

Haya wadau, leo tupo Kashan, Iran, karne ya 13. Wengi wakiona vile vigae vya nyota vyenye ndege vinavyong'aa wanadhani ni dhahabu imepakwa, kumbe ni kazi ya moshi. Maelezo tunayo kwasababu Abu'l-Qasim, mtoto wa ukoo wa wafinyanzi wa hukohuko, aliyaandika mwaka 1301.

Hatua ya 1. Saga kwatzi (jiwe jeupe gumu) iwe unga, sehemu 10, kioo kilichosagwa sehemu 1, udongo mweupe sehemu 1. Mchanganyiko huu haushikani kama udongo wa chungu, we kandamiza kwenye kalibu ya nyota ya ncha 8. Mapengo ukutani yanajazwa na vigae vya umbo la msalaba.

Hatua ya 2. Paka glezi (utando wa kioo juu ya kigae) nyeupe ya risasi na bati, choma, acha ipoe.

Hatua ya 3, hapa ndo penye utamu. Unga wa fedha na shaba, usage na siki. Sasa usimchore ndege! Paka rangi pembeni yake, yeye abaki mweupe, halafu chukua kitu chenye ncha ukwaruze vijiduara vidogovidogo kwenye rangi mpaka vionekane kama manyoya ya kuku wa madoadoa.

Hatua ya 4. Choma tena, moto mdogo moshi mwingi, Abu'l-Qasim anasema saa 72. Moshi unanyang'anya oksijeni, juu ya kioo unabaki utando mwembamba wa metali. Kinatoka kichafu hata hukitamani, kisugue na udongo wenye unyevu ndo kinawaka. (Jikoni kwako usijaribu, risasi ni sumu.)

MASWALI

Kaka, mbona vingine ndege hawana vichwa?
— Hivyo ni vya kaburi la Abd al-Samad, sheikh wa Kisufi, pale Natanz, mji jirani na Kashan, dada. Ndege wako juu ya maandishi ya Quran, kuna watu baadae hawakupenda viumbe hai wakae hapo wakagonga vichwa tu, miili wakaiacha.

Yule wa mkia mrefu kwenye jumba la Takht-i Sulayman ni tausi?
— Ni simurgh, ndege wa hadithi za Iran, ila kachorwa kichina. Jumba lile ni la Abaqa Khan, mtawala Mmongolia wa Iran, miaka ya 1270, na Wamongolia walikuja na michoro ya China.

Na vile vya bluu iliyokolea?
— Lajvardina. Hapo sasa dhahabu ni ya kweli, karatasi yake inakatwa vipande inabandikwa juu ya glezi, ndo maana vingi imeshachubuka.