Kuhamisha deni la kadi ya mkopo: jinsi ya kuomba, na mahali mchakato unapokwama

Utaratibu wenyewe ni mfupi kuuelezea. Unaomba kadi kwenye benki nyingine, benki hiyo inalipa deni la kadi yako ya zamani, kisha unabaki kudaiwa na yenyewe kwa riba ya asilimia 0, au karibu na hapo, kwa kipindi cha ofa ambacho mara nyingi ni kati ya miezi 12 na 21. Fomu ya maombi haina maajabu: kitambulisho, kipato, kazi, anwani. Kazi inaanza ukishabonyeza "tuma".

Piga hesabu kwanza. Tuseme unadaiwa 300,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka na una uwezo wa kulipa 25,000 kila mwezi. Ukibaki hapo ulipo utamaliza mwezi wa 14, na riba peke yake itakuwa imekula zaidi ya 46,000. Ukihamisha kwa ada ya asilimia 3, unaongeza 9,000 kwenye deni, basi. Ada za namna hii huwa asilimia 3 hadi 5, na hukatwa papo hapo, hata kama deni ungelimaliza mwezi ujao. Kwa hiyo mwenye deni la kumaliza ndani ya miezi miwili asijisumbue.

Kabla ya kuomba, yapo mambo machache ya kuchimba kwenye yale maandishi ambayo matangazo huyamalizia kwa mbio, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Benki kwa kawaida haikubali kuhamisha deni kutoka kadi yake moja kwenda nyingine, hivyo usipoteze muda kuomba kwa yule yule anayekudai. Angalia kipindi cha ofa kinahesabiwa kuanzia lini. Kwenye kadi nyingi ni siku akaunti ilipofunguliwa, si siku deni lilipohamia, kwa hiyo kila wiki unayochelewa unaikata kwenye ofa yako mwenyewe. Angalia pia una siku ngapi za kuhamisha, mara nyingi 60 au 90, na riba itakuwa kiasi gani ofa ikiisha. Halafu kuna ofa zinazofanana na hizi kwa mbali, hasa za kadi za maduka, ambazo riba haifutwi bali inaahirishwa: usipomaliza deni kwa tarehe waliyokupangia, unadaiwa riba yote tangu siku ya kwanza. Hizo ziache.

Kama benki ina kipimo cha awali cha kuona kama unafaa, kitumie, kwa sababu hakiathiri alama zako za mkopo, yaani zile wakopeshaji wanazopimia kama unaaminika kulipa. Ombi kamili huacha doa kwenye rekodi yako, na maombi matano kwa mwezi mmoja yanakufanya uonekane mtu anayezama.

Ukikubaliwa, ndipo utakapoambiwa kikomo cha kadi, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kudaiwa. Ndiyo, baada ya kukubaliwa, si kabla. Unaweza kuwa na deni la 300,000 ukapewa kikomo cha 200,000, na ada nayo inakaa humo humo ndani, kwa hiyo utakachoweza kuhamisha ni kama 194,000. Benki nyingine zinabana zaidi na kuruhusu sehemu tu ya kikomo. Ikitokea hivyo, na una deni kwenye kadi zaidi ya moja, hamisha kutoka kadi yenye riba kubwa kuliko zote, na ile iliyobaki uendelee nayo.

Kwenye ombi la kuhamisha wanataka namba ya kadi ya zamani na kiasi. Ukifanya kwa simu, hakikisha mhudumu anaandika "kuhamisha deni" na si "kutoa fedha", maana kutoa fedha kuna ada yake na riba inaanza siku hiyo hiyo. Utaulizwa pia kama ungependa bima ya malipo. Utaulizwa tena.

Sasa kusubiri, na hapa ndipo nilipoumia.

Uhamisho huchukua siku chache au hata wiki tatu. Muda wote huo programu ya simu itakuandikia "ombi linashughulikiwa", maneno ambayo hayabadiliki hata uyatazame mara ngapi. Benki mpya na ya zamani hazipigiani simu kuulizana habari zako. Tarehe ya malipo ya kadi ya zamani ikifika kabla fedha hazijaingia, lipa kima cha chini (kiasi kidogo kabisa unachotakiwa kulipa kila mwezi) kama kawaida, na usisimamishe malipo ya moja kwa moja uliyoweka. Ukijikuta umelipa zaidi, ziada ni yako na unaweza kuidai irudishwe. Ukichelewa, faini ni yako pia.

Fedha zangu zilipoingia, nilipiga simu kadi ya zamani kuuliza kama kuna kilichobaki. Mhudumu akaniambia salio ni sifuri, na nina hakika kwenye skrini yake lilikuwa sifuri kweli. Taarifa ya mwezi uliofuata ikaja na deni dogo, na iliyofuata ikaja na deni hilo hilo likiwa limezaa faini ya kuchelewa. Maelezo niliyopewa: "Mfumo ndivyo unavyofanya."

Na kweli ndivyo unavyofanya. Riba inahesabiwa kila siku, lakini inaandikwa kwenye taarifa mara moja kwa mwezi. Kama taarifa ilitoka tarehe 5 na deni likalipwa tarehe 23, zile siku 18 katikati zina riba yake. Kwa 300,000 ya mfano wetu ni kama 3,550. Haionekani popote mpaka taarifa ijayo. Kwa hiyo usiulize salio ni kiasi gani. Uliza kiasi cha kumaliza deni kabisa kwa tarehe fulani, taja tarehe ya wiki mbili au tatu mbele, kisha omba jibu kwa maandishi. Kiasi hicho ndicho cha kuhamisha, si kile kilichochapwa kwenye taarifa ya mwisho. Hata hivyo endelea kufungua taarifa za kadi ya zamani mpaka zije mbili mfululizo zenye sifuri. Kama faini imeshakukuta, idai ifutwe; yangu waliifuta, riba wakabaki nayo.

Baada ya hapo ni nidhamu tu. Gawa deni pamoja na ada kwa miezi ya ofa, upunguze mwezi mmoja wa tahadhari, uweke malipo ya moja kwa moja kwa kiasi hicho. Kima cha chini hakitakumalizia deni ndani ya ofa. Hakikuwekwa kwa kazi hiyo. Malipo yakichelewa unaweza kunyang'anywa ofa. Kadi mpya usinunulie kitu, hata soda, kwani manunuzi mara nyingi hayamo kwenye asilimia 0 na yanatozwa riba tangu siku ya kununua. Marekani na Uingereza kanuni zinataka malipo yanayozidi kima cha chini yaende kwanza kwenye deni lenye riba kubwa. Kwingineko soma masharti.

Kadi ya zamani si lazima uifunge, kwani kufunga kunaweza kushusha alama zako. Kama ina ada ya mwaka au mkono unawasha, ifunge au omba kikomo kishushwe.

Ukiona ofa inaelekea ukingoni na deni bado lipo, anza kutafuta kadi nyingine miezi miwili kabla, kwa sababu zile wiki tatu za "ombi linashughulikiwa" zitarudi tena, na ada nayo utailipa upya.