Kishingo cha mpira wa mvuke wa petroli kikikatika usizibe na bolti, fanya hivi

Wakuu habari. Juzi nimeletewa Corolla ya mwaka 98, mwenyewe analalamika akikaa kwenye foleni ya barabara ya Mandela hapa Dar harufu ya petroli inajaa ndani mpaka watoto wanataka kutapika, keshabadilisha pampu, keshabadilisha filta, hela imeenda na harufu iko palepale. Kufungua boneti nakuta kishingo cha plastiki kwenye kopo la mkaa kimekatika, afu fundi aliyepita kauchukua mpira unaotoka tanki kaupachika bolti namba 10, basi kamaliza kazi hapo!

Ule mpira sio wa ziada jamani. Petroli inatoa mvuke muda wote na kwa joto la hapa mjini ndo usiseme, mvuke unatoka tankini unaingia kwenye kopo jeusi lenye chenga za mkaa, mkaa unaunyonya, injini ikishapata moto kuna valvu ndogo inafunguka na injini inauvuta inauchoma. Ukiziba, tanki linakosa pa kupumulia na mvuke unatafuta upenyo mwingine. Magari ya kisasa kidogo yanakuwashia taa ya check engine, ukipima kwa mashine unapata namba za hitilafu kama P0442 au P0455, yaani mfumo wa mvuke unavuja, ila haya ya zamani mengi hayasemi kitu, unatumia pua.

Kabla hujagusa chochote hakikisha ni mpira wa mvuke kweli. Ule wa petroli yenyewe unaoenda kwenye nozo za injini una presha ya kama baa 3, ukiona petroli inadondoka basi hii njia haikuhusu, usije ukaunga pale na klipu mbili ukachoma gari.

Vitu: kiungio cha shaba chenye mikunjo pande zote mbili, mpira wa mafuta kama nusu mita, klipu mbili, wembe, plaizi. Nenda maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, na kipande chako cha zamani mkononi, usikadirie kwa macho, 6 mm na 8 mm zinafanana sana ukiwa dukani. Na usome maandishi kwenye mpira, uwe umeandikwa FUEL au SAE J30. Akikupa wa maji au wa upepo kataa hata akiapa, petroli inaulainisha unavimba na baada ya muda wewe unarudi kwenye tatizo lilelile.

Sasa kazi. Injini iwe ya baridi, fungua kifuniko cha tanki kitoe pumzi kisha ukirudishe, toa waya wa negativu kwenye betri, na kama gereji yako imepakana na jiko la mama ntilie sogeza gari kwanza, sio utani. Wekea mipira alama kabla hujachomoa maana kwenye kopo ipo miwili mitatu inafanana, mmoja wa tanki, mwingine wa injini, ukiibadilisha utazunguka wiki nzima.

Kipande kilichobaki ndani ya mpira usikivute kwa nguvu, pasua mpira kwa urefu na wembe ukitoe, afu kata sehemu iliyopasuka. Kama bomba lenyewe ni la plastiki ngumu, kata mwisho wake uwe sawa, kisha omba maji ya moto hapohapo kwa mama ntilie, chovya ncha kama dakika moja ilainike, sukuma upande mmoja wa kiungio cha shaba uingie wote, upande wa pili uvike mpira mpya. Kiberiti weka mbali! Nimeona watu wanachoma kwa kiberiti bomba lenye mvuke wa petroli, sijui wanawaza nini.

Upande wa kopo, kama kishingo kimebaki hata sentimita moja, pitisha msasa kidogo, vika mpira mpya, kaza klipu kwa kiasi, ukikaza sana plastiki ya zamani inapasuka tena. Kama kimekatika mpaka chini, mimi sihangaiki na supagluu, haishiki ile plastiki, natafuta kopo la mtumba. Ukilinunua litikise na ulipulize kidogo, likitema chenga za mkaa liache, na likiwa zito ajabu ujue limejaa petroli.

Kiungio chako kipime kabla hujakifunga kwenye gari: ziba ncha moja na kidole, puliza kwa mdomo ncha ya pili, chovya kwenye beseni la maji kama fundi pancha anavyofanya. Povu likitoka, rudia. Kausha vizuri, funga, pitisha mpira mbali na ekzosi na ufunge na kebo tai usichezecheze.

Rudisha betri, washa, zunguka nayo nusu saa halafu paki uinuse ikiwa ya moto. Ile Corolla imekaa siku tatu bila harufu. Mwenyewe kaja kuichukua akaniambia anaenda kujaza tanki mpaka petroli ionekane mdomoni, nikamwambia bosi, nozo ya pampu ikikata mwambie wa shell aishie hapohapo, maana petroli ikifika kwenye kopo mkaa unalowa na tutaanza upya.