Moyo Ukisimama Kabla ya Kufika Hospitali: Simu na Mashine ya Kushtua Moyo

Ndugu wanachama, tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen, mchezaji wa soka wa Denmark, alianguka uwanjani Copenhagen, moyo umesimama. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa kwa mashine palepale kwenye nyasi, na fahamu zikamrudia kabla hajatolewa uwanjani. Kazi ile haikusubiri hospitali, nasi tunaiweza.

Hatua ya 1. Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Haitiki na hapumui, au anavuta pumzi mojamoja kwa kukoroma? Chukulia moyo umesimama. Mkoromo huo ndio unaopoteza watu: "Anapumua huyo, mpeni hewa," na dakika zinakwenda.

Hatua ya 2. Piga 112 (Kenya na Tanzania), weka simu kwenye spika, iache chini karibu nawe. Mikono yote miwili ina kazi. Mwenzako akimbilie mashine ya kushtua moyo (AED). Ulizeni kwenye kiwanja cha ndege au hoteli kubwa iliyo jirani.

Hatua ya 3. Mlaze chali mahali pagumu. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kirudi chote. Inachosha mno, pokezaneni kila dakika 2.

Hatua ya 4. Iwashe mashine, ifuate inavyosema. Usipoelewa lugha yake, fuata picha: kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Wakati unabandika, mwenzako asiache kukandamiza. Ikitaka asiguswe, wote waachie. Ikiagiza mshtuko, bonyeza kitufe, kisha rudini kifuani papo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Daktari, nikimshtua ambaye moyo wake unapiga, si nitamuua?
Jibu: Mashine hupima mapigo kwanza. Isipoona mdundo unaohitaji mshtuko, haitoi, hata ubonyeze.

Swali: Na aliyeopolewa baharini?
Jibu: Huyo amekosa hewa, kwa hiyo anza kwa kumpulizia pumzi 5, ndipo ukandamize. Mfute kifua kikauke, la sivyo vibandiko havishiki.

Swali: Mgonjwa ni mama wa watu, tutamvuaje hadharani?
Jibu: Kateni nguo, wanawake washike kanga kumzunguka. Stara ipo, na kifua lazima kiwe wazi.