Kusoma moto wa nyika kwa setilaiti: ninavyofanya mimi kwa Katavi

Grafu yangu ya kwanza ya moto wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, ilinitia aibu. Mwaka mmoja nukta, yaani alama za moto ulioonwa na setilaiti, zilipanda karibu maradufu, nikaanza kuwatafuta wachawi: ukame, wafugaji, wachoma mkaa. Kumbe nilikuwa nimeunganisha faili la setilaiti ya Suomi NPP na la mwenzake NOAA-20, iliyorushwa Novemba 2017. Setilaiti mbili zinauona moto uleule, nami nauhesabu mara mbili. Kwa hiyo jambo la kwanza: ukitaka kulinganisha miaka, chagua setilaiti moja na usiiache njiani. Mimi natumia Suomi NPP, yenye kumbukumbu tangu Januari 2012.

Data ni za bure kwenye FIRMS, tovuti ya NASA ya taarifa za moto. Chora mstatili kuzunguka eneo lako, chagua VIIRS (kihisi cha moto kilicho kwenye setilaiti hizo), taja tarehe, omba faili la CSV (jedwali la kawaida), weka barua pepe yako. Kiungo cha kupakua kitakuja. Kompyuta ya kawaida inatosha. Ramani nachora kwa programu ya QGIS, nayo hailipiwi.

Ukifungua faili, tulia kwanza kwenye safu ya acq_time, yaani saa setilaiti ilipouona moto, maana hapo wengi huteleza. Ni saa za dunia, yaani UTC. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna bahati: toa tatu tu. 1118 inakuwa saa nane na dakika kumi na nane mchana. Ila za usiku zina mtego. 2330 ya tarehe 14, ukitoa tatu kisha kumi na mbili, ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo tarehe nayo isogeze mbele. Nimewahi kumbishia askari wa wanyamapori kuhusu siku ya moto, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kisha chuja. Safu ya confidence, yaani uhakika kwamba ni moto, ina herufi l (mdogo), n (wa kawaida) na h (mkubwa). Zenye l za mchana mimi nazitupa, kwani nyingi ni mng'ao wa jua. Halafu tafuta nukta zinazorudi palepale mwezi baada ya mwezi, hata masika. Nyasi haziungui mara kumi kwa mwaka. Hapo pana tanuri au kiwanda. Na usizidishe idadi ya nukta kwa ukubwa wa pikseli (kipande kimoja cha picha) ukasema umepata eneo lililoungua. Pikseli ya VIIRS ina upande wa mita 375, lakini moto unaoiwasha unaweza kuwa mdogo kuliko uwanja wa mpira.

Sasa zigawe kwa mwezi. Kwangu hiki ndicho kiini cha kazi yote, kuliko jumla ya mwaka. Moto wa Juni hukuta nyasi bado zina unyevu chini, huunguza mabaka na kuacha mengine, mara nyingi huzimika usiku. Ndiyo maana hifadhi huchoma mapema kwa makusudi. Moto wa Septemba hukuta kila kitu kimekauka na upepo upo. Huo ndio moto kichaa, unaopanda hadi kwenye miche ya miombo. Miaka miwili yenye nukta sawa inaweza kuwa tofauti kabisa. Kiangazi chetu kinaanza na kuisha ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, kwa hiyo kugawa ni rahisi. Ukifanyia kazi Sudan Kusini, msimu unavuka Januari: anza kuhesabu mwaka wako katikati ya mvua.

Eneo lililoungua lipime kwa picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Chukua bendi zake mbili za mwanga usioonekana kwa macho, B8A na B12, toa B12 kwenye B8A, gawanya jibu kwa jumla ya hizo mbili, kabla na baada ya moto, kisha toa ya pili kwenye ya kwanza. Panapobaki namba kubwa pameungua. Kuamua namba ipi ni kubwa, usiazime viwango vya misitu ya Marekani. Nyasi si misonobari. Na picha ya pili isichelewe: mvua ikigusa majivu, chipukizi hufunika kovu ndani ya wiki chache.

Mwisho, piga simu. Baba mdogo wangu ni mrina asali kule Mpanda. Siku moja nilimsomea nukta za Septemba aniambie anazozijua.

"Hizo zote sizijui," akasema. "Mbona hujataja ule uliounguza mizinga yangu mitatu? Mwenge uliniponyoka saa kumi jioni, tukauzima kabla ya isha."

Nikaitafuta tarehe ile. Setilaiti ilipita saa nane mchana, ikarudi saa nane usiku. Kwenye faili hamna hata nukta moja.