Mwachie Kijiko

Binti yangu wa kwanza nilimlisha kwa mkono wangu mpaka alipokaribia miaka mitatu. Nilimpakata, mkono mmoja umemzunguka kiunoni, mwingine umeshika kijiko, na kila tonge lilikuwa na vita vyake. Akifumba mdomo namsubiri acheke au alie; ukifunguka tu, naingiza. Nilidhani huko ndiko kumpenda. Ikafika mahali, akiona tu bakuli linatoka jikoni, anakwenda kujificha nyuma ya mlango.

Baadaye nilianza kazi ya kulea watoto kituoni. Nikapewa meza ya watoto sita, wote kati ya mwaka mmoja na miwili, na mimi peke yangu na mikono yangu miwili. Hakuna namna ya kuwalisha sita kwa mikono miwili. Ikabidi wajilishe wenyewe, na wakala, tena wakala vizuri kuliko binti yangu alivyowahi kula mapajani mwangu. Haya ninayokuandikia, mzazi mwenzangu, nimeyaona kwenye meza ile kwa miaka tisa, na ndiyo niliyomlelea mwanangu wa pili.

Anza na miguu kabla ya mdomo. Mtoto akikaa kwenye kiti na miguu yake inaning'inia, nusu ya nguvu zake zinakwenda kwenye kujizuia asianguke, na mkono unakosa utulivu. Jaribu wewe mwenyewe kutunga uzi kwenye sindano ukiwa umekaa kwenye kiti kirefu miguu iko hewani, utanielewa. Mgongo uwe umenyooka, magoti yamekunjika, nyayo zimekanyaga kitu: boksi gumu, rundo la vitabu vilivyofungwa kwa kamba, chochote kisichoteleza. Meza imfike usawa wa kati ya kiuno na kifua. Nimeona watoto walioitwa wasumbufu wa chakula wakitulia siku hiyohiyo walipowekewa kitu cha kukanyaga.

Mikono inatangulia kijiko. Mtoto wa miezi 6 anashika kwa kiganja kizima, kwa hiyo mpe kipande kirefu na kinene kama kidole chako, ili ncha ijitokeze juu ya ngumi: kiazi kilichochemshwa, ndizi mbivu, karoti iliyoiva mpaka imelegea. Karibu na miezi 9 anaanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, na hapo ndipo vipande vidogo vinapomfaa. Kupima ulaini ni rahisi: kibinye kipande kati ya vidole vyako viwili. Kikipondeka bila shida, ufizi nao utakiponda.

Sasa kijiko. Watu wengi hukata tamaa hapa, na ukweli ni kwamba hawajawahi kutazama kinachotokea. Nilikuwa na mtoto mmoja wa miezi 14 aliyependa mtindi kuliko kitu chochote. Anachovya, kijiko kinajaa, anakiinua kwa uangalifu mkubwa, ulimi tayari uko nje, na kinapokaribia mdomo kinapinduka, mtindi wote uko kidevuni. Anakilamba kijiko kitupu, anashangaa, anachovya tena. Mama yake alisema hajui kula. Alikuwa anajua kila kitu isipokuwa jambo moja: kifundo cha mkono wake kilikuwa bado hakijajifunza kuzunguka. Umri ule kijiko hushikwa kwa ngumi na mkono wote huinuka kuanzia begani, lazima kipinduke. Dawa yake ni chakula kinachoganda kijikoni. Tukampa mtindi mzito badala ya ule mwepesi, na viazi vilivyopondwa badala ya supu. Kijiko kikawa kifupi, mpini mnene. Bakuli likawa lenye ukingo uliosimama wima, ili chakula kiegemee ukutani na kupanda kijikoni badala ya kukimbizwa huku na huko. Ndani ya wiki mbili kidevu kilikuwa kinapata nusu tu.

Tumia vijiko viwili. Kimoja anacho yeye, kingine unacho wewe. Unachota, unakiweka mezani kikiwa kimejaa, anakichukua, akimaliza mnabadilishana. Akihitaji msaada wa mkono, msaidie kutoka nyuma yake na upunguze kidogo kidogo: kwanza funika kiganja chake kwa chako, siku nyingine shika kifundo tu, kisha gusa kiwiko, kisha ondoa mkono kabisa. Wengi hufikisha kijiko mdomoni kwa kumwagamwaga wakiwa na miezi 15 hadi 18. Uma wenye ncha butu mpe mapema usiuogope, maana kuchoma kipande ni rahisi kuliko kuchota. Kikombe kiwe wazi, na maji yawe kidogo, kama mafunda mawili, ili yakimwagika yasiwe msiba.

Na tafadhali, usimfute uso kila baada ya tonge. Hebu fikiria mtu akufute wewe mdomo kila unapomeza. Tandika kitambaa chini ya kiti, mvue shati, mfute mara moja mwishoni.

Kiasi ndicho kinachowakosesha wazazi usingizi. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto hufika karibu mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili na nusu hivi, basi. Ukuaji umepungua kasi, na hamu ya kula inapungua nao, halafu sisi tunaona kama mtoto ameharibika. Mimi huanza na kijiko kimoja cha mezani cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri, akitaka zaidi naongeza. Mlo mmoja ataupiga wote, mwingine atauchezea tu. Hesabu kwa wiki, usihesabu kwa sahani.

Kazi mezani zimegawanyika. Mimi naamua chakula gani, saa ngapi, na mahali pa kulia chakula. Yeye anaamua kama atakula, na kiasi gani. Zamani nilidhani huo ni uzembe wa mzazi, mpaka niliposoma habari za daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis, ambaye katika miaka ya 1920 na 1930 aliwafuatilia watoto 15 tangu walipoachishwa ziwa. Waliwekewa vyakula mbalimbali na kuachiwa wachague wenyewe, walezi wakikatazwa hata kuwashauri. Milo yao ilikuwa ya ajabu, lakini walikua vizuri. Ila zingatia hili, naye mwenyewe alilisisitiza: kila kilichokuwa mezani kilikuwa chakula halisi kisichotiwa sukari. Ukiweka biskuti na soda katikati ya uchaguzi huo, mambo yatakuwa mengine.

Kwa hiyo mezani kwako kuwe na cha kuchagua. Milo mitatu na vitafunwa mara mbili, vikipishana kwa saa mbili hadi tatu, na katikati maji tu. Madini ya chuma ndiyo hupungukiwa sana umri huu: nyama laini, ini, samaki, yai, maharage, dengu, na tunda lenye vitamini C, kama chungwa, husaidia mwili kuyafyonza ya kwenye nafaka na jamii ya maharage. Maziwa ya ziwa yaendelee hadi miaka miwili na zaidi, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Ya ng'ombe kama kinywaji yasubiri mwaka mmoja, na baada ya hapo yasizidi nusu lita kwa siku, yatajaza tumbo na kukiacha chakula nje. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, ina hatari ya botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria.

Akikataa chakula kipya, hajakikataa milele. Mara nyingi mtoto huhitaji kukutana na chakula mara 8 hadi 15 ndipo akizoee. Mvulana mmoja wa meza yangu alisukuma karoti siku za kwanza. Akaja kuishika, akaidondosha chini. Akailamba. Akaitafuna na kuitema mkononi mwangu, nikapokea bila neno. Kila mara nilimwekea kipande kimoja tu kando ya vyakula anavyovipenda, na kazi yangu ngumu kuliko zote ilikuwa kunyamaza. Hakuna "kimoja cha mama," hakuna pipi ya kumzawadia. Ukimlipa pipi kwa kula karoti, umemwambia karoti ni adhabu.

La kusakamwa na chakula kooni nitalisema wazi. Kaa naye anapokula, siku zote, na asile akikimbia, akicheka sana au akiwa garini. Zabibu zikate kwa urefu, kila moja vipande vinne. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na vipande vigumu vya karoti mbichi visubiri mpaka miaka mitano. Mtoto anayekohoa, anayetoa sauti na kuwa mwekundu anajitoa mwenyewe; mwache akohoe. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza, asiyeweza kulia wala kuvuta pumzi. Huyo mwinamishe na umpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisikitoke, aliye chini ya mwaka mmoja mlaze chali kichwa kikiwa chini kidogo, umbonyeze kifua mara 5. Aliyezidi mwaka msukume tumbo mara 5 kuelekea ndani na juu. Endelea kupokezana hivyo huku mtu mwingine akiita msaada. Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Jifunze haya kwa vitendo kwa mtu aliyefuzu huduma ya kwanza kabla hujayahitaji.

Na kama uzito wake umesimama au unashuka, au anapaliwa kila anapokula, au amebakiwa na vyakula vichache mno anavyovikubali na vinazidi kupungua, mpeleke kwa daktari.

Kama tayari mmeshagombana mezani, kama mimi na binti yangu, anza kwa kujiweka mbali na kijiko. Nilimwekea sahani yake karibu na yangu, nikala changu. Usiku wa kwanza alikula vipande vitatu vya kiazi akashuka kitini. Niliumia, nikanyamaza. Ilichukua karibu miezi miwili. Siku moja nilikuwa bado napakua, nikasikia kiti kinaburutwa sakafuni. Nilipogeuka, alikuwa anapanda mwenyewe.