Mkataba wa Negro League: umulike kabla ya kulipa

Ukiuziwa mkataba wa mchezaji wa Negro League (ligi za zamani za besiboli za Wamarekani weusi), tuseme wa timu ya Kansas City Monarchs wa 1942, zima taa uumulike kwa tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno) ya nanomita 365. Ile ya 395 hutoa zambarau inayodanganya macho. Karatasi ya enzi hizo hubaki imefifia. Ikiwaka weupe wa samawati kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina king'arishi kilichoenea kwenye karatasi miaka ya 1950: usinunue. Kwenye mikunjo usikurupuke, gundi ya ukarabati huwaka yenyewe. Ila mghushi mjanja hutumia karatasi tupu ya zamani. Hapo kagua saini kwa kioo cha kukuzia: bolpeni, yenye mfereji uliodidimia, ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945.