Mkaa mbadala wa magunzi na vifuu: kuchoma, kugandisha, kukausha

Mkaa mbadala ukiwa mbovu, mara nyingi umeharibikia kwenye pipa, kabla hata uji wa kuugandisha haujapikwa.

Chukua pipa la chuma la lita 200, lisiwe lililowahi kubeba dawa za sumu. Kata sehemu ya juu iwe mfuniko, kisha toboa matundu 20 hadi 30 kwenye kitako, kila moja sentimita 2. Liinue kwa mawe matatu hewa ipite chini, ulijaze bila kushindilia. Gunzi kavu hukatika kwa mlio. Likipinda, lirudishe juani. Magunzi na vifuu vichomwe mbalimbali, kwani vifuu vinapoiva magunzi huwa yamekwisha kuwa majivu.

Washa kutoka chini. Moshi wa mwanzo ni mweupe na mzito, maana maji yanatoka. Ngoja upungue hadi uwe mwembamba, karibu usionekane. Hapo funga upesi: vaa glavu nene, ondoa mawe pipa likae ardhini, funika, kandika tope kuzunguka mdomo na kitako. Ukiwahi kufunga, vipande hubaki na kahawia ndani, na hivyo ndivyo vinavyotoa watu machozi jikoni. Ukichelewa, unabaki na majivu. Usifungue hadi pipa lipoe kabisa, la sivyo hewa itauwasha mkaa upya. Hata ukipoa, utandaze nje mpaka kesho yake. Usiuingize ndani siku hiyo. Kilo 100 za malighafi kavu hutoa takriban kilo 25 hadi 30 za mkaa.

Twanga na uchekeche, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Kwa kilo 10 za vumbi, pima nusu kilo ya unga wa muhogo na lita 5 za maji. Koroga unga kwa maji baridi kidogo, umimine kwenye maji mengine yakichemka, upike mpaka uji uvutike. Unga mbichi haushiki; wanga hunata ukiiva. Changanya uji ungali vuguvugu, kisha finya donge kiganjani. Likimeguka, ongeza uji kidogo. Maji yakichuruzika, ongeza vumbi. Unga ukizidi, mkaa hutoa moshi. Usigandishe kwa udongo, kwani hauwaki: unazidisha majivu tu.

Shindilia kwa mashine au kwa kipande cha bomba na mti. Siku ya kwanza anika kivulini, kisha juani siku 3 hadi 5. Ukianza na jua kali, nje hukauka ndani kukiwa bado na maji, na nyufa hutokea. Vunja kipande kimoja cha mkaa: katikati pakiwa baridi au peusi zaidi ya pembeni, endelea kuanika.

Pika penye hewa. Mkaa huu, sawa na mkaa mwingine wowote, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua, hata pasipo moshi.